Kwa Nini Mgamba Hulala Kwanza Katika Kaburi la Jitu

Ilikuwepo enzi ambayo hakuna aliyeweza kuingia Undamo, nchi ya mchezo wetu huu, bila adui. Wekeni dadu chini, nyote mlioizunguka meza hii, maana Zamoyoni amekuja kucheza nasi leo kwa mara ya kwanza, na mhusika aliyejibunia ni mtu aliyesukwa kwa ukindu, kama mkeka, kuanzia utosini hadi kisiginoni. Tayari mmoja wenu ameshamuuliza, kwa sauti ya ofisa wa mpakani, "Huyo kwao wapi?" Swali hilo liliwahi kukaribia kumaliza taifa zima. Sikilizeni ilivyokuwa.

Enzi hizo Undamo ilikuwa na mataifa manne tu: majitu wa milimani, mazimwi wa mitoni, watu wenye mbawa, na binadamu. Kila taifa lilikuwa na mahali pake, mzee wake wa kwanza, na adui wake wa jadi. Mambo hayo yalisimamiwa na Idara ya Asili na Uadui, iliyokuwa langoni mwa nchi, katika jengo lenye milango mingi na dirisha moja la huduma. Jitu alimchukia zimwi, na zimwi akamchukia jitu. Mambo safi, hayana usumbufu. Wenye mbawa waliwachukia binadamu. Binadamu wao walimchukia kila mtu, wakiwemo wenzao, na kwa hilo walipewa kibali maalumu.

Ndipo Wagamba wakafika langoni. Walitoka katika mchezo mwingine kabisa, ulioanzishwa na marafiki watatu katika chumba cha uani. Waliupenda mchezo huo kupita kiasi, mpaka mmoja akahamishiwa kazi Songea, mwingine akajaliwa mapacha, na wa tatu akaacha tu kupokea simu. Na nchi isiyochezwa, jamani, haiangamii kwa kishindo. Hufutika. Ilianza bahari yao, yakafuata majina ya vijiji, kisha asubuhi moja wakaamka na hakuna aliyekumbuka mlango wa soko ulikuwa wa rangi gani. Hapo Nyamzela, mwanamke aliyekuwa kiongozi wao, akasema, "Twendeni."

Kufunga mizigo hakukuwa kazi. Mgamba ana kichwa na mikono kama yako, ila mgongoni amebeba gamba kama la konokono, na humo ndimo mna kitanda, jiko na picha za wakwe. Macho yake yako juu ya vijiti viwili laini, vinavyorudi ndani akiona aibu. Safari ilichukua muda. Kwa Wagamba kila kitu huchukua muda. Na huko njiani kufutika kukawafuata. Gamba la Bi Fumbati, bibi yake Nyamzela, lilikuwa la kahawia ya kupendeza. Sasa lilipauka kuanzia kwenye ncha hadi likawa kama kioo, ukisimama nyuma yake unaona sufuria zake zote. Nyamzela akaelewa. Wasipopokelewa Undamo, bibi atatangulia, na wote watafuata.

Dirishani alikaa Bwana Chambuso, binadamu mwembamba aliyeuvaa muhuri shingoni kwa kamba, kama wengine wanavyovaa hirizi.

"Mahali penu?"

"Hapa," akasema Nyamzela, akijigonga gamba.

"Haya, wa kuhamahama. Mzee wenu wa kwanza?"

"Yule aliyemwagiwa chumvi akapona."

"Vizuri. Hilo linasikitisha kwa kiwango kinachotakiwa. Adui?"

"Hatuna, baba."

Chambuso akainua kichwa. "Mama, kila mtu ana adui."

"Sisi tunachelewa, baba. Kila tulipoitwa vitani tulikuta wameshapatana, wanagawana nyama."

"Basi nendeni mkamtafute. Bila adui mtakuwa mnafanya nini humu siku nzima?" Na dirisha likafungwa, ingawa saa ya chai ilikuwa bado kabisa.

Nyamzela akaanza kuomba kuchukiwa. Alimwendea zimwi mtoni, akamweleza shida yake kwa adabu. Zimwi alisikitika kwa dhati. "Dada, ningependa. Lakini jitu akisikia nimepata mwingine nitamwambia nini? Tumechukiana tangu ujana wetu." Wenye mbawa walimtazama kutoka juu ya mti wakasema kwamba kumchukia mtu unayeweza kumkamata saa yoyote si uadui, ni uvivu. Binadamu walikubali mara moja, lakini Idara ikakataa, kwa kuwa chuki ya binadamu ilishatolewa kwa watu wengi mno na haikuwa na thamani tena.

Aliporudi, alimkuta Bi Fumbati amekaa juani. Mwanga wa jua ulipita katika mikono yake ukafika chini. "Nipo, mjukuu wangu," bibi akasema. "Usiniangalie hivyo. Nipo nipo."

Siku hiyohiyo majitu wakaja kumzika mkuu wao, Gumbilwa, aliyekufa siku chache kabla, katika uwanda ulio mbele ya lango. Msiba wa majitu ulikuwa jambo la kutisha enzi hizo. Hakuna mgeni aliyehudhuria, maana majirani wote walikuwa maadui au marafiki wa maadui. Majitu walisimama peke yao, kimya, na jitu aliyezidiwa na kimya hicho aligeuka jiwe papo hapo aliposimama. Hayo majabali yote mnayoyaona kwenye ramani yetu, mkidhani ni mapambo, ni wafiwa. Ndoshi, binti wa marehemu, alikuwa hajala wala kusema neno tangu baba yake akate roho. Miguu yake ilikuwa imeshakuwa jiwe hadi magotini.

Sasa, kwa Wagamba, mgeni akikutana na msiba hapiti kimya kama mwizi. Kupita kimya ni kumwambia mfiwa, hayanihusu. Nyamzela alipoona jeneza, alisahau dirisha, akasahau muhuri, akasahau kwamba yuko ugenini na hajauliza huku watu wanazikanaje. Aliteleza katikati ya miguu ya majitu, akafika ukingoni mwa kaburi, akajitumbukiza! Akalala chali juu ya gamba lake, akakunja mikono kifuani.

"Pazuri hapa!" akapaza sauti kutoka chini. "Shimo pana, lina kivuli. Mnampa nani? Huyo mzee? Tangu lini huyo akalala bila kukoroma? Atawaamsha maiti wenzake! Mpelekeni kwingine, mimi nimeshafika, na jinsi ninavyofika kwa shida, sitoki!"

Upepo ukakata. Majitu wote wakainama juu ya kaburi, ikawa kama mbingu imeshuka. Wagamba kule langoni, macho yao yote yakarudi ndani kwa pamoja. Mmoja tu ndiye aliyefurahi. Bwana Chambuso alikuja mbio, pindo la kanzu mkononi, muhuri unamgonga kifuani. "Hapo sasa! Hapo!" akahema. "Kumtukana marehemu, kuvamia kaburi! Mama, umepata adui wa daraja la kwanza! Usitoke, usitoke, nipige muhuri!"

Ndoshi aliinua mkono wake, mkono mpana kama paa la banda. Nyamzela akauona ukija. Hapo ndipo alipokumbuka yuko wapi, akafumba macho. Mkono ukaushika ukingo wa kaburi. Kisha ikasikika sauti iliyokuwa haijatumika kwa muda, inakwaruza.

"Toka humo, wewe kibuyu chenye macho! Ukianza kutoka leo, baba yangu atazikwa mwakani!"

Na akacheka. Ee, wenzangu, alicheka! Jitu anapocheka ardhi hucheka naye. Vikombe vilidondoka katika ofisi zote za Idara. Majitu wengine wakapokea kicheko hicho, wakisema mgeni amekisia kweli, mzee alikoroma, alikoroma hadi maporomoko yakaona haya. Wakalia na kucheka kwa pamoja, na jiwe likapasuka kwenye magoti ya Ndoshi, likashuka kwenye vifundo, likaanguka kama maganda ya mkate. Akamchota Nyamzela kwa kiganja, akamtua pembeni. Kisha akasema, "Nina njaa."

Walipomaliza kuzika na kula, Chambuso alikuwa bado amesimama pale, muhuri juu. "Idara inataka jibu. Huyu ni adui yako au si adui yako?"

"Amelala katika kaburi la baba yangu," akasema Ndoshi, "amemtukana baba yangu, na mimi nimekula. Adui atanilisha? Huyu ni mtani wangu."

"Mtani ndiyo nini?"

"Ni mtu nitakayemtukana mpaka nife. Na ole wake mwingine atakayemtukana."

Chambuso alisema kanuni haina kitu kama hicho. Ndoshi akasogea kidogo, kivuli chake kikafunika jengo lote la Idara, pamoja na milango yake mingi na dirisha lake moja. Chambuso akafikiri upya, akagundua kwamba kanuni haikukataza pia. Akapiga muhuri, na chini yake akaandika kwa mkono wake: *adui, lakini wa kucheka.*

Kule kwenye jua, rangi ya kahawia ilianza kurudi kwenye gamba la Bi Fumbati, kidogokidogo, ikapanda hadi kwenye ncha, sufuria zikatoweka machoni pa watu. "Afadhali," akasema bibi. "Mlishazoea kujua napika nini."

Na tangu siku hiyo, jitu akifa katika Undamo, hazikwi mpaka Mgamba aingie kaburini kwanza, alale, na agome kutoka. Na watu huwahi kutuma habari mapema, ili afike. Tangu siku hiyo pia, katika meza zote ambako Undamo inachezwa, anayekuja na mhusika wa aina isiyowahi kuonekana haulizwi kwao ni wapi wala adui wake ni nani. Aliyeketi karibu naye humtania, naye hurudisha, na kwa hilo tu ameshakuwa mwenyeji. Dadu huja baadaye.

Kwa hiyo, Zamoyoni. Huyo mtu wako wa ukindu, akichoka anajikunja mwenyewe, au tumkalie tu?

Usitabasamu, mwanangu. Jibu. Meza nzima inakusubiri.