Mjane Aliyelinyima Jua Kaa la Moto

Haya, sogeeni, maana msimulizi kama mimi hamjampata bado! Katika nchi ya theluji aliishi mjane Radmila na bintiye Zorka, aliyekohoa mchana kutwa akingoja jua limpe nafuu. Siku iliyo fupi kuliko zote za mwaka walikuwa na mwiko mmoja: moto hautoki nyumbani.

Jioni hiyo mzee akabisha hodi. "Mama, nipe kaa la moto."

"Leo? Una wazimu, babu!"

Akabisha tena. "Kaa moja tu."

"Nenda kwa jirani!"

Akabisha mara ya tatu. "Mimi ni Dazhbogi, mungu wa jua. Nimezeeka pamoja na mwaka. Nisipoota moto leo, kesho sizaliwi upya."

Radmila akacheka. "Jua gani hilo linalotetemeka?"

Akafungua mlango amtazame, akamkuta mzee ameganda, ndevu zake za dhahabu zikififia. Radmila akabeba makaa yote ya jikoni, akayamwaga miguuni pake. Yakazimika, fuuu!

Zorka akaamka. "Mama, mbona hakukuchi?"

"Lala, mwanangu, bado mapema," akasema, akimpulizia vidole.

Hadithi yangu imeganda hapo. Mwenye joto aiyeyushe.