Gunia la Sitalike

"Hivi Mama Emelyne, hizo baiskeli ni za kuuza, au mmeweka mwali ndani?"

Swali hilo aliliuliza jirani yake Zuhra, muuza vitumbua, siku moja ya Septemba mwaka 1996, akiwa ameegemea mlango wa ghala la parokia pale Shanwe, mjini Mpanda. Prisila, ambaye wengi walimwita Mama Emelyne kwa jina la bintiye, hakuinua macho. Alikuwa ananyoosha rimu.

"Ni za kuuza, jirani. Ila bado hazijasema kweli," alijibu.

Wahenga walinena kuwa kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Maana yake, kitu chema hakihitaji mpiga debe, bali chenye dosari hunadiwa mpaka sauti ikauke. Methali hiyo watu wote pale ghalani waliijua toka shule ya msingi. Kuijua ni kitu kimoja, kuifuata ni kingine.

Prisila alikuwa mjane wa fundi baiskeli. Marehemu alimwachia spana na jina jema. Yeye na wanajumuiya wenzake walipokea baiskeli kuukuu zilizotolewa sadaka, wakazifufua bila kulipwa hata senti, ili zikiuzwa zipatikane bati za nyumba ya yatima kumi na mmoja. Kuta zilikwisha simama. Watoto walilala kwenye kibanda cha nyasi kilichovuja kama chujio. Halmashauri ya parokia ilikuwa imetoa sharti: Oktoba ikiisha bila bati, ghala litapewa mnunuzi wa tumbaku. Na mvua za Novemba hazimsubiri mtu.

Hata hivyo, Prisila hakuwa na papara. Kila baiskeli iliyopona ilifungwa gunia la mahindi kwenye keria, na Salvatori, mkulima wa Katumba mwenye mapaja kama magogo ya mninga, akaiendesha hadi Sitalike, mwendo wa zaidi ya kilomita thelathini, na kurudi. Ikilia njiani, ilirudi kwa fundi. Isipolia, iliegemezwa ukutani vilevile ilivyo, haina rangi wala urembo.

Lyamba, mjumbe wa halmashauri, alichoka kusubiri. Mtu huyo alikuwa na ulimi wa kumuuzia samaki maji.

"Mama, mteja hununua kwa macho! Nipeni tano tu, muone biashara."

"Hizo tano hazijaenda Sitalike, Bwana Lyamba."

"Basi zitaenda Majimoto, mbali zaidi!"

Watu wakaangua kicheko. Prisila akaona haya, akanyamaza, na kunyamaza kwake kukawa ruhusa.

Lyamba alizipaka rangi nyekundu, akazizungushia fremu utepe wa nailoni wa njano na kijani, zikapendeza kama mabibi harusi. Siku ya mnada akazipakia lorini mpaka Majimoto, akazikokota katikati ya wauza mchele huku akizinadi hadi akapwelewa sauti. Jua lilipozama zilikuwa zimekwisha. Alirudi Mpanda kifua mbele. Prisila alimshukuru Mungu kwa mdomo, lakini moyo uligoma.

Wiki ya pili alifika mkulima wa mpunga aitwaye Masalu, baiskeli nyekundu ikiwa begani.

"Shikamoo, mama. Nimeibeba mimi, maana yenyewe imekataa kunibeba." Kisha uso ukambadilika. "Mke wangu Ng'washi alikaa nyuma. Amevunjika mkono."

Prisila alifungua utepe, mzunguko kwa mzunguko. Chini yake fremu ilikuwa imeachama kama mdomo wa kifaranga.

"Kosa ni langu, mwanangu. Nilijua haijapimwa, nikanyamaza. Chagua nyingine hapo ukutani."

"Mbona zimefubaa hivi?"

"Zimefubaa, lakini zimefika Sitalike."

Masalu alichukua moja kwa shingo upande. Prisila hakuishia hapo. Alimtuma Salvatori aende Majimoto kwa lori, awatafute wale wanunuzi wanne, awabadilishie kwa baiskeli nzima. Ukutani zikabaki tatu.

"Umetuvua nguo, mama!" Lyamba alifoka. "Bati ndiyo basi tena!"

"Afadhali watoto walowe, Bwana Lyamba, kuliko watu wavunjike kwa jina la Mungu."

Alisema hivyo kwa sauti tulivu. Siku zilizofuata alisali huku akikaza nati. Salvatori aliporudi, aliendelea kukanyaga pedeli na gunia lake, kwenda na kurudi.

Oktoba ilipofika katikati, lori la Majimoto lilishusha wanaume sita mbele ya ghala.

"Tunataka kama ile ya Masalu," walisema.

"Ile nyekundu?" Prisila aliuliza kwa wasiwasi.

"Aa, ile yenye sura mbaya! Inabeba magunia mawili na mama mkwe juu!"

Wakaja hao, wakaja na wengine. Waliokosa walikaa kivulini wakimsubiri Salvatori atokee barabara ya Sitalike. Kabla Oktoba haijaisha, bati zilikuwa zinashushwa uwanjani kwa kishindo, na yatima wakizihesabu kwa kelele.

Siku hiyohiyo Lyamba aliingia ghalani, amechangamka.

"Mama, nimepata lori la kwenda Inyonga. Lete hizi tukazitembeze!"

"Hakuna ya kutembeza. Zote zina wenyewe."

Lyamba akamgeukia mzee mmoja wa Kipimbwe, wa kule Majimoto, aliyekuwa anajaribu breki. "Nani amewatangazia nyie?"

"Atangaze nani?" mzee alishangaa. "Tumeiona ikipita na mzigo wake."

Lyamba alizitazama bati, akamtazama Prisila aliyekuwa amekwisha inamia rimu nyingine, akatoka. Kwa maana kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.