Magoti Mawili ya Bi Tunsume

Hapo zamani, si zile za mababu bali za juzijuzi tu, huko milimani Rungwe aliishi mchuma chai mmoja, Bi Tunsume. Alizaliwa na matege, akakua na matege, akaolewa akiwa na matege yake. Miaka arobaini alipanda na kushuka mteremko, kikapu mgongoni, hata magoti yakasagika, mfupa juu ya mfupa. Ikafika siku akatambaa kwenda msalani.

Akaenda hospitali. "Nipasueni," alisema. "Sikuzaliwa nyoka."

Huko walikuwako mabingwa wawili wasioelewana. Dk. Lugano alichora mstari kwenye picha ya eksirei, toka nyonga hadi kifundo cha mguu. "Goti bandia lifuate mstari huu. Mguu ukinyooka, uzito utagawanyika sawa, na goti litadumu. Nimeyaona yakifika miaka ishirini."

Dk. Tumpe akatikisa kichwa. "Mama huyu hajawahi kuwa na mstari huo. Tumrudishie tege lake. Ukimnyoosha, umempa mguu wa mtu mwingine."

Walibishana mpaka Bi Tunsume akacheka. "Wanangu, magoti si ninayo mawili? Kila mtu na lake!"

Ikawa hivyo. Lugano akapasua la kulia, akanyoosha. Miezi ikapita, Tumpe akapasua la kushoto, akafuata tege. La kulia lilikuwa imara kama nguzo, ila mwaka mzima Bi Tunsume alilihisi kama mgeni asiyeaga. La kushoto alilisahau ndani ya wiki chache. Litadumu miaka mingapi? Tumpe mwenyewe alikiri hajui.

Na alikuwako Bupe, mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Bupe aliyakunja magoti yale kila asubuhi, Bi Tunsume akimtukana yeye na ukoo wake.

"Nitukane, mama, lakini kunja. Likiganda, limeganda."

Bi Tunsume alipotoroka kliniki, Bupe alipanda mlima kumfuata nyumbani, akakunja huko huko.

Binti yake alipojifungua ng'ambo ya kilima, Bi Tunsume alikwenda kwa miguu. Kwenye tope akateleza. Mguu wa kulia ukakita, ukabeba uzito wote, hakuanguka. Alipofika akapiga goti la kushoto mkekani, akampokea mjukuu bila kushika ukuta. Machozi yakamtoka.

"Mama," binti akasema, "mtoto tumpe jina la aliyekuponya."

Habari zikafika hospitali, na wote watatu wakaja kumwona mtoto.

"Bila goti langu angelala topeni," alisema Lugano.

"Bila langu angefika akasimama mlangoni kama mlinzi," alisema Tumpe. "Kilichompigisha goti ni mguu wake mwenyewe, niliomrudishia."

Bupe akawatazama wote wawili. "Ninyi mlipasua siku mbili. Mimi nilikunja siku mia mbili. Bila mimi mlimfungia vyuma tu."

Bi Tunsume akampakata mtoto, akawasikiliza mmoja mmoja, asimpinge hata mmoja. Mtoto ni mmoja, na jina ni moja.

Haya, mliokaa hapa mkisikiliza, semeni ninyi: mtoto aitwe Lugano, Tumpe au Bupe? Je, nani alistahili?