Ndama wa Pikapu

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Palikuwa na gari."

"Likaenda?"

"Lilienda, tena mbio. Nyamazeni niwaambie lilikoishia. Na wewe unayecheka kabla sijaanza, cheka sasa uimalize, maana mbele huko sikupi nafasi."

Hapo kale Pimbi alikaa na mkewe juu ya kilima cha mawe. Pimbi mnamjua: mdogo, mfupi, hana hata mkia wa kufukuzia inzi. Mkewe alikuwa mgonjwa wa miguu, miaka sita hajavuka kizingiti. Na mama yake mzazi yule mke alikaa kilima kingine, mwendo wa siku tisa kwa miguu ya pimbi, kazeeka, macho yamefifia. Kila jioni mke anasema, "Mume wangu, nataka nimwone mama kabla hajafa." Kila jioni Pimbi anajibu, "Utamwona." Basi atamwonaje? Hapo Pimbi hajui.

Chini ya kilima, kando ya mto, alikaa Kiboko. Mto wake, majani yake, njia yake. Uwanjani kwake kulikuwa na pikapu yake mbovu, bodi imeoza, majani yameota ndani, kuku wa watu wanataga kwenye kiti. Siku moja akamwita Pimbi.

"We Pimbi! Niondolee uchafu huu."

"Nikiuondoa, uwe wangu?"

"Uchafu ni wako. Nenda nao."

Pimbi akaenda nao. Alisukuma na rafiki zake wawili, Nungunungu na Kobe, hee-ya, hee-ya, siku nne mpaka juu. Wakaifikisha uani. Pimbi akaivua ile bodi mbovu yote, akaitupa korongoni, ikabaki fremu, injini na magurudumu manne. Akamwambia mkewe, "Humu nitatoa gari jipya. Gari lako."

Akaanza. Akagonga, ngo-ngo-ngo. Akachomelea, chrrrr. Akafunga nati, kri-kri-kri. Nungunungu akaleta mapipa yake mawili, wakayapasua, wakayanyoosha, yakawa milango. Kobe akaleta breki za gari la marehemu baba yake, alizozitunza miaka yote ndani ya gunia. Mke naye, hapo hapo alipokaa, akashona kiti, akakivika kanga yake ya harusi. Masika ya kwanza ikapita. Ngo-ngo-ngo. Masika ya pili ikapita. Chrrrr. Masika ya tatu.

Na Kiboko? Kila masika alipanda kilima, anahema, anachungulia uani.

"Bado?"

"Bado, mzee."

Anateremka zake. Pimbi akadhani anajuliwa hali. Mjinga we, Pimbi! Nani aliwahi kuona Kiboko akipanda mlima kwa ajili ya salamu?

Siku ikafika, Pimbi akawasha. Ko-ko-ko, kimya. Ko-ko-ko, kimya. Ko-ko-ko-vruuum! Mke akalia kwa furaha. Akafunga kifurushi chake: tumbaku ya mama na shuka jipya. Akajikokota mpaka mlangoni, akakaa, kifurushi mapajani, anasubiri kupakiwa.

Lakini mlio ule ulisikika mpaka mtoni. Kiboko huyo, kafika.

"Hongera, Pimbi. Nimekuja kuchukua ndama wangu."

"Ndama gani, mzee?"

"Si ulichukua pikapu yangu ukaifuga? Sasa imezaa."

Nyinyi mnaokunywa maziwa ya pakiti hamuelewi, ngoja niwaeleze. Kule kwao mwenye ng'ombe wengi humpa jirani ng'ombe mmoja amfugie. Jirani hukamua, hunywa maziwa. Lakini ng'ombe akizaa, ndama ni wa mwenye ng'ombe. Hiyo ndiyo mila, na wote waliikubali. Sasa Kiboko kaichukua mila ya ng'ombe, kaivisha gari.

"Mzee, si ulisema uchafu ni wangu?"

"Nilisema. Uko wapi huo uchafu? Uchukue."

Pimbi akatazama korongoni, kule alikoitupa bodi mbovu. 

"Na maziwa, mzee? Mfugaji hana maziwa?"

"Maziwa ya gari ni moshi. Umeshanusa."

"Basi nipe safari moja tu. Nimpeleke mke wangu kwa mama yake, nikirudi uchukue."

"Ndama wangu abebe pimbi?" Kiboko akacheka mpaka tumbo likatikisika.

Hapo Pimbi aliumia. Aliumia mpaka masikio yakavuma. Angemng'ata, lakini pimbi amng'ate kiboko wapi? Kwa hiyo na yeye akacheka.

"Mzee, mila ni mila. Ndama ni wa mwenye mama, au nimekosea?"

"Hujakosea."

"Kila ndama?"

"Kila ndama! Na anayebisha nitamkalia."

"Basi tusimdhulumu mtu. Milango hii mama yake ni mapipa ya Nungunungu. Ndama wa nani?"

"Wa Nungunungu. Achukue!"

Kri-kri-kri, milango ikatoka.

"Kiti hiki mama yake ni kanga ya mke wangu. Ndama wa nani?"

"Wa mkeo. Kiti cha nini, mimi nina makalio yangu. Achukue!"

Kri-kri-kri, kiti kikatoka.

"Na breki hizi mama yake ni gari la babake Kobe."

"Breki ndiyo nini?"

"Ni kitu cha kumsimamisha anayekwenda."

Kiboko akavimba. "Mimi? Wa kunisimamisha mimi ni nani? Toa haraka!"

Kobe akamtazama Pimbi. Kobe ni mpole, lakini si mjinga. Akauliza kwa sauti ndogo, "Pimbi, nitoe kweli?"

Pimbi akaliangalia gari. Masika tatu zile. Akamwangalia mkewe pale mlangoni na kifurushi chake. Alijua breki zikibaki, gari litaishi, ingawa kwa Kiboko. Pengine mwakani angeomba tena, pengine angepewa. Alikuwa na nafasi ya kusema neno moja.

"Toa," akasema.

Kri. Kri. Kri. Polepole, maana ni Kobe.

Kiboko akapanda, fremu ikalia kwaaa. Ko-ko-vruuum! Akaanza kuteremka. "Mnamwona ndama wangu anavyokimbia?" Gari likaongeza mwendo. Gudu-gudu-gudu. Gari likaongeza tena. Gudugudugudu!

"Pimbi! Linasimamaje?"

"Muulize mama yake, mzee!"

Likapita nyumba ya Kiboko, likapita mti wa Kiboko, likaingia korongoni kwenye mawe. Puuu! Injini huku, fremu kule, gurudumu moja likaendelea na safari peke yake. Kiboko akatoka anachechemea, akajitumbukiza mtoni. Mpaka leo mchana kutwa yumo majini, katoa pua tu, anakanda maumivu na kuficha aibu.

Kilima kizima kikapiga vigelegele. "Pimbi kamshinda Kiboko! Pimbi kamshinda Kiboko!" Wakambeba juu juu mpaka kwake, wakamshusha mbele ya mkewe.

"Umeshinda, mume wangu?"

"Nimeshinda."

"Basi nipakie, twende kwa mama."

Wenye vigelegele wakakumbuka kazi zao, wakaondoka mmoja mmoja.

Pimbi akajifunga kile kiti mgongoni, akamkalisha mkewe juu yake, akashika njia. Siku tisa zikawa kumi na nne. Walipofika kilima cha pili, wakakuta watu wanakunja mikeka ya matanga. Wakaambiwa mama amezikwa siku tatu zilizopita. Wakaambiwa pia kwamba tangu aliposikia mwanawe atakuja na gari, alikuwa anakaa nje kutwa, anauliza kila apitaye, "Mbona sisikii mlio?"

Mke akaweka tumbaku kaburini. Akarudi mgongoni. Siku kumi na nne za kurudi hakumsemesha mumewe hata neno.

Haya, mnataka funzo, nawaona mmekodoa macho. Funzo ni hili: wakubwa wapewe haki yao yote, mpaka skrubu ya mwisho. Na mdogo mwenye akili hushinda, akishinda hufurahi sana, kama mlivyomwona Pimbi alivyofurahi. Halafu kutembea kwa miguu ni afya, hasa ukiwa na mzigo. Wafundisheni watoto wenu hivyo hivyo.

Hadithi imezima injini. Palipo patamu chukueni nyinyi, palipo pachungu niachieni, huyo ni ndama wangu.

"Na maziwa yake?"

Mmeshanusa. Tawanyikeni.