Mlezi Ambaye Hakuwahi Kufeli

Wapendwa, kabla sijaingia kwenye neno la leo, nataka niwape habari ya mpima ardhi mmoja. Hakuwa wa usharika huu, kwa hiyo msianze kutazamana. Alikuwa mtu wa heshima zake, mwenye pikipiki nzuri na shati lisilojua kukunjamana. Akifika na vyombo vyake vya kupimia, hata majirani waliokuwa wakigombania mpaka walinyamaza wamsikilize.

Usharika wao ukaanzisha mpango kama huu wetu. Kila mwenye kazi yake ajitolee, apewe kijana mmoja wa kidato cha nne, akutane naye kila Jumamosi saa nne asubuhi, amsikilize, amwongoze. Malipo hakuna, ni moyo tu. Mpima wetu alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Akapewa binti wa miaka kumi na saba, mtoto wa fundi ujenzi. Binti huyo siku moja aliwaona wapimaji mtaani kwao, akawafuata nyuma tangu asubuhi mpaka wakafungasha, na tangu siku hiyo ukimuuliza atakuwa nani, alikuwa na jibu moja tu.

Jumamosi ya kwanza walikaa kwenye benchi nyuma ya ofisi ya mchungaji. Benchi la pili alikaa nesi mmoja, mlezi mwenzake, na kijana wake. Binti alimwamkia, akachezea kona ya daftari lake, halafu akauliza swali alilotoka nalo nyumbani.

"Baba, samahani kuuliza. Wewe hesabu haikuwahi kukusumbua?"

Mpima akatupa jicho kwa nesi. Nesi alikuwa anasikiliza.

"Hesabu?" akasema, akacheka kidogo. "Hesabu mimi nilikuwa naichezea, mwanangu. Sisi tulikuwa tunasoma, si kama ninyi na simu zenu. Kufeli tulikuwa tunakusikia kwa watu."

Nesi akacheka, na kijana wake akacheka. Binti naye akacheka kwa adabu, akafungua daftari, akaandika tarehe.

Sasa msiwe wepesi kumsema vibaya. Mwaka mzima mtu yule hakukosa Jumamosi hata moja. Mvua ilinyesha, akaja na koti la mvua. Alikuja hata siku aliyokuwa kwenye dozi ya malaria, mdomo mchungu, macho yamemvimba. Alimfundisha binti kupanga ratiba, kuamka saa kumi alfajiri, kutunza muda. Alimsimulia alivyoingia chuo, alivyopata kazi, alivyopandishwa cheo mbele ya waliomtangulia. Binti aliandika yote. Nawauliza, kuna ubaya gani hapo? Wangapi kati yetu tuliojiandikisha tunaweza kusema hatujakosa hata Jumamosi moja?

Matokeo yakatoka. Jumamosi iliyofuata binti alifika mapema kuliko siku zote, nywele amesuka upya.

"Nimefaulu, baba," akasema.

Siku hizi matokeo yako kwenye simu, mtu anabonyeza tu anaona. Mpima hakubonyeza. Tuseme alimwamini. Au tuseme ukweli, ilimpendeza kuamini. Jumapili yake jambo lile likatangazwa kanisani, vigelegele vikapigwa, na mpima akaitwa mbele kama mlezi wa mfano. Akavishwa kitenge begani, akapigwa picha. Binti alisimama pembeni yake ameinamisha kichwa, na kina mama wakanong'onezana kwamba mtoto yule ana adabu kweli.

Baada ya hapo binti hakuonekana Jumamosi tatu mfululizo. Mpima akawasha pikipiki, akaenda kwao. Alimkuta uani anapanga nguo kwenye begi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Unasafiri?"

"Nakwenda kwa shangazi, kesho. Ana mgahawa wake, nitakuwa namsaidia."

"Na chuo je?"

Binti aliendelea kukunja gauni ambalo lilikuwa limeshakunjwa. "Sikufaulu, baba. Hesabu nilipata F. Nilikudanganya, naomba unisamehe. Nilishindwa kukwambia. Ningeanzia wapi, na wewe hujawahi kufeli?"

Mpima alisimama pale, kofia ngumu ya pikipiki bado iko mkononi. Akasema lile ambalo sote tungesema. "Lakini mtihani unarudiwa, mwanangu. Si mwisho wa dunia."

"Wiki iliyopita nilimwambia baba mzazi ukweli, nikamwomba nirudie," binti akasema. "Akaniambia, nitajie mtu mmoja tu unayemjua aliyefeli hesabu akaja kuwa mpima, nitakuruhusu. Nikafikiri wiki nzima. Nikakosa wa kumtaja."

Hapa nisimame kidogo, wapendwa. Kuna jambo nimewaficha tangu nilipoanza, nimelificha vilevile kama yeye alivyolificha. Yule mpima alifeli hesabu. Alifeli mara mbili. Mara ya kwanza alikimbilia kwa mjomba wake, akakaa wiki tatu hataki kuonwa na mtu. Mara ya pili alitupa madaftari yake chooni. Mara ya tatu ndipo akapita, tena kwa chupuchupu. Na kilichomrudisha ile mara ya tatu hakikuwa semina wala ratiba. Ni jirani yao, karani wa posta, aliyemwita pembeni jioni moja akamwambia, "Kijana, mimi pia nilifeli, tena nililia kuliko wewe." Maneno hayo hayakuchukua hata dakika kumi, na ndiyo yaliyomfanya yule kijana awe mtu.

Kwa hiyo mtu ambaye binti alimtafuta wiki nzima alikuwa amekaa mbele yake mwaka mzima.

Wakati huo huo baba wa binti akaingia uani kutoka kazini, saruji imemkauka mikononi. Alipomwona mgeni akanawa haraka, akamsogezea kigoda.

"Mheshimiwa, afadhali umekuja," akasema. "Mimi haya mambo siyajui, elimu yangu ni mwiko na kamba. Wanasema usajili wa kurudia unafungwa Jumatatu ya wiki ijayo. Hebu nishauri, wewe ni msomi. Mtoto aliyepata F ya hesabu anaweza kweli kuwa mtu kama wewe?"

Mnaona Mungu alivyo mwema? Mlango ulikuwa wazi na siku zilikuwa bado zipo. Ilihitajika sentensi moja, nayo ilikuwa ya kweli. Baba anasubiri, na binti ameacha kukunja nguo, anamtazama.

Na mpima akakumbuka Jumamosi ile ya kwanza. Alimwona nesi anacheka pale kwenye benchi. Aliuona ule umati uliompigia vigelegele. Akawaza, nikisema sasa, huyu mtoto atajua kwamba nilimdanganya siku ya kwanza tuliyoonana, na kila nilichomfundisha baada ya hapo atakitilia shaka. Akawaza pia kwamba habari zitafika usharikani. Ikambidi achague kati ya aibu yake na maisha ya mtoto wa watu.

Akakohoa. Akasema, "Mungu ana mpango wake, mzee mwenzangu. Tumwachie yeye."

Baba akaitikia, "Amina." Binti akafunga zipu ya begi. Mpima akaomba ruhusa, akapanda pikipiki yake, akaondoka. Jumatatu ikafika, usajili ukafungwa, na binti alikuwa kwa shangazi yake akiosha vikombe.

Wapendwa, nimetafuta mahali pa kumcheka mtu huyu, nikakosa. Mungu ana mpango wake, ndiyo. Lakini mpango wa Mungu kwa binti yule ulikuwa ndio huyo mpima, na ulikaa pale kwenye benchi kila Jumamosi umefunga mdomo. Kisha ukaja mpaka nyumbani kwao, ukafunga mdomo tena, ukalitumia jina la Mungu kujifunika.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Sisi tunataka kuitwa baba walezi na mama walezi, tunataka vijana watuamkie mtaani, lakini hatutaki waone tulipojikwaa. Tunawapelekea vyeti vyetu. Kijana aliyelewa jana, tunamweleza jinsi sisi tulivyomcha Mungu tangu utotoni. Binti aliyepata mimba, tunamfundisha usafi wa moyo, na harusi zetu wenyewe tunazijua zilifungwa kwa haraka ya nini. Halafu kwenye kikao cha wazee tunalalamika kwamba vijana wa siku hizi hawasemi kweli. Wamejifunza wapi? Nani aliyewatangulia kusema uongo pale kwenye benchi?

Sina haja ya kuwauliza ninyi mlioacha kuja Jumamosi. Leo naongea na sisi tunaokuja, sisi tusiokosa, sisi wa kitenge begani.

Fomu za walezi wapya ziko mlangoni. Zina nafasi ya jina, kazi na kiwango cha elimu. Naomba ukichukua fomu yako, uigeuze, na upande wa nyuma uandike mahali ulipowahi kuanguka, na nani aliyekuinua. Usimpe katibu. Mpelekee kijana wako.

Mimi yangu nilianza kuijaza juzi. Upande wa mbele ulinichukua dakika mbili. Upande wa nyuma bado ni mweupe, na kijana wangu anakuja Jumamosi saa nne. Niombeeni.