Tonge la Mkunga

Paukwa!

Pakawa!

Mwenye njaa?

Asogee!

Mwenye shibe?

Asogee pia!

Basi sogeeni. Wewe uliye nyuma, shuka kwenye kinu, kinu si kiti. Nanyi watu wazima sogeeni, maana hadithi hii ina mfupa wenu ndani yake.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakipikiana na kuitana kwa majina, palikuwa na Nguchiro mmoja. Jina lake Bi Kidawa. Kazi yake ukunga. Mkunga ndiye anayempokea mtoto anapozaliwa. Mikono yake ndiyo ya kwanza kumshika mtoto hapa duniani.

Nguchiro wameumbwa wembamba. Na akina mama wa nchi ile walijifungulia mahali pembamba: Sungura shimoni, Nungunungu shimoni, Pimbi katika ufa wa mwamba. Ndiyo maana mkunga alikuwa Nguchiro. Angekuwa Tembo, angeingia wapi?

Bi Kidawa akiitwa, anakwenda. Akifika, anaingia, nyiriri! Akiwa ndani, anamshika mama mkono na kumwimbia. Nami nikiimba, nyinyi itikieni "polepole".

*Mlango mwembamba, mama,*
*Polepole!*
*Usisukume kwa pupa,*
*Polepole!*
*Kidogo sasa, kidogo tena,*
*Polepole, atafika.*

Na kweli, mtoto anafika.

Sasa nchi ile ilikuwa na desturi yake. Mkunga akishampokea mtoto, sharti ale tonge katika nyumba ile. Asipokula, walisema, mtoto atakuwa mlizi, atalia mpaka aote meno. Liliitwa tonge la mkunga. Tonge moja tu, la kuenea kiganjani.

Lakini mwenye furaha hana kipimo. Nyumba moja ikaona tonge halitoshi, ikaleta sahani. Nyumba ya pili ikasikia, ikaleta sahani mbili. Nyumba ya tatu ikaona haya, ikaleta sinia. Ugali wa mtama kama kilima, kumbikumbi wa kukaanga, na asali ya kushushia. Na jina halikubadilika. Sinia zima, bado waliliita tonge!

Naye Bi Kidawa alikuwa na kazi nyingi. Asubuhi kwa Sungura. Adhuhuri kwa Nungunungu. Alasiri kwa Sungura tena, maana Sungura mnawajua. Jiko lake mwenyewe lilikuwa baridi. Alitoka hajala, akashinda na njaa, kisha akakutana na sinia. Na njaa ya kutwa ikikutana na sinia, haiulizi kipimo.

Nyumbu akamwonea huruma. "Bi Kidawa, utatembea mpaka lini? Panda mgongoni nikufikishe." Akapanda. Tangu hapo, miguu yake ikapumzika.

Kidogo leo, kidogo kesho. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba kikajaa. Likawa linatangulia tumbo, Bi Kidawa anafuata.

Mwili wake haukuwa na kosa, wanangu. Ulikuwa umejengwa kwa shukrani za watu. Ila milango ya watu haikupanuka pamoja nao.

Siku moja akaitwa na Mwanahawa Pimbi. Mwanahawa alikuwa na mimba changa, akataka kukandwa tumbo. Alikaa ndani ya ufa wa mwamba. Shimo la udongo likiwa dogo, unalichimba. Mwamba hauchimbiki. Bi Kidawa akaingiza kichwa. Akaingiza mabega. Kwaru! Kwaru! Nyonga zikasugua mwamba pande zote mbili. Akaingia akihema.

Mwanahawa akamtazama, wala hakucheka. "Mama Mkunga, uzazi wangu unaujua. Mtoto wangu wa kwanza alitanguliza miguu, wewe ukamgeuza. Mvua za vuli zikianguka, nitajifungua huyu. Je, utapita?"

"Nitapita, mwanangu."

Alisema nitapita. Moyoni hakujua.

Akaenda kwa Kicheche. Kicheche ni mnyama wa milia, na harufu yake hufika kabla yake. Alijiita mganga.

"Unene tu?" akasema Kicheche. "Jambo dogo! Usile. Usile kabisa. Kunywa maji ya mzizi huu. Mwezi mwingine hautaandama kabla hujawa mwembamba kama mwiko."

Bi Kidawa akanywa. Maji machungu kama shubiri. Hakula asubuhi, hakula jioni, na tonge la mkunga alilificha chini ya jani. Akapungua kweli. Watu wakamshangilia: "Ewe Bi Kidawa! Umerudi usichanani!"

Kisha akaitwa kwa Nungunungu. Akaingia, nyiriri! Akampokea mtoto. Lo! Mikono ikatetemeka, te-te-te. Macho yakaona giza. Mtoto akateleza. Bibi yake akamdaka hewani, hakuumia.

Nyumba nzima ikamgeukia mkunga.

"Mkunga," Bibi Nungunungu akauliza taratibu, "unaumwa?"

"Siumwi, bibi. Nina njaa."

Wakamletea sinia. Akalila lote. Akalilamba. Akaomba jingine. Na kesho yake vivyo hivyo. Unene uliotoka mbio ukarudi mbio, tena ukaja na wageni.

Akaenda kwa Swala. "Dada Swala, wewe mwepesi. Nifundishe."

"Rahisi! Kila asubuhi kimbia nami uwanda mzima, kwenda na kurudi."

Asubuhi yake wakaanza. Swala mbele, pa-pa-pa! Bi Kidawa nyuma, puu, puu! Moyo du-du-du. Hawajafika nusu, sauti ikaita: "Mkunga weee! Njoo, mke wangu ameshikwa na uchungu!" Akageuka. Kesho yake wakaanza tena. "Mkunga weee!" Akageuka tena. Siku iliyofuata hakuonekana kabisa, alikuwa kwa Sungura.

Swala akatikisa mkia. "Bi Kidawa, wewe huna nia."

Neno hilo lilimchoma kuliko mwiba. Nia alikuwa nayo. Asichokuwa nacho ni asubuhi.

Siku zikapita, Mwanahawa akaita tena. Tumbo lake sasa lilikuwa kubwa. Bi Kidawa akaingiza kichwa. Akaingiza mabega. Akaingiza tumbo, na hapo akakwama! Akasukuma mbele, wapi. Akasukuma nyuma, wapi. Kadiri alivyosukuma ndivyo alivyozidi kukwama.

Huko nje Baba Pimbi, mume wa Mwanahawa, akashika mkia wa mkunga. "Nakuvuta! Hima! Hima!"

"Niachie mkia wangu, Baba Pimbi! Nilikuja na mkia, nitaondoka na mkia!"

"Basi nifanyeje?"

"Nyamaza tu, baba."

Bi Kidawa akalia. Hakulia kwa maumivu. Alilia kwa kuwa alimwona Mwanahawa pale mbele yake, na tumbo lile, na mvua karibu. Akawaza: siku ikifika nikikwama hivi, huyu atashikwa mkono na nani?

Ndipo Mwanahawa akanyoosha mkono, akaushika mkono wa mkunga wake. Akaanza kuimba.

*Mlango mwembamba, mama,*
*Polepole!*
*Usisukume kwa pupa,*
*Polepole!*
*Kidogo sasa, kidogo tena,*
*Polepole, utatoka.*

Bi Kidawa akaacha kusukuma. Akatoa pumzi. Tumbo likalegea, akarudi nyuma kidogo. Akapumua, akarudi kidogo tena. Kidogo, kidogo… pu! Huyo nje, akamwangukia Baba Pimbi.

"Wimbo huo nani kakufundisha?" mkunga akauliza kupitia ufa.

Mwanahawa akacheka. "Wewe, Mama Mkunga. Wewe unatuambia sisi wote polepole. Kwani wewe mwenyewe huwa husikii?"

Siku hiyo Bi Kidawa hakumwita Nyumbu. Alirudi kwa miguu, akiwaza njia nzima. Kuacha kula kwa ghafla, huko ni kuvuta mkia. Kukimbia uwanda mzima kabla hujazoea kutembea, huko nako ni kuvuta mkia. Kibaba hakikujazwa kwa siku moja. Mbona nataka kukimwaga kwa siku moja?

Asubuhi akawasha jiko lake. Akapasha moto kiporo cha mtama, akachemsha yai, akaketi, akala. Chakula kidogo, ila alikila ameketi. Njaa ya kutwa ikakosa pa kuanzia. Kisha akamwambia Nyumbu, "Ndugu yangu, ahsante sana. Kwa walio mbali nitakuita. Kwa walio karibu nitatembea."

Uwanda mzima hakuwa na nafasi nao. Njia ya kwenda kazini alikuwa nayo tayari.

Likabaki sinia. Hapo ndipo palipokuwa pagumu, kwa maana sinia lina wenyewe. Akaitwa tena kwa Nungunungu, kwa binti mwingine. Mtoto akapokelewa salama. Sinia likaja. Bi Kidawa akanawa, akamega tonge moja, akalila taratibu, akanawa tena.

Bibi Nungunungu akasimamisha miiba, chaka-chaka-chaka! "Mkunga! Ugali wangu una mchanga?"

"Mtamu, bibi. Hebu niambie, hiki kinaitwaje?"

"Kwani hujui? Tonge la mkunga."

"Lote hili?"

"Lote!"

"Nionyeshe kiganja chako, bibi. Kinashika tonge la ukubwa gani?"

Bibi akatazama kiganja. Akatazama sinia. Akatazama kiganja tena. Miiba ikalala, akaangua kicheko. "Ama kweli! Hili si tonge, hili ni shamba!"

"Basi mimi nimekula tonge, desturi imetimia. Aliyefanya kazi leo ni binti yako. Shamba ni lake."

Binti akadakia pale alipolala: "Afadhali! Siku zote sisi wazazi tunanusa tu!"

Na mtoto yule hakuwa mlizi. Alilala fofofo. Habari ikaenea nyumba kwa nyumba: tonge la mkunga ni tonge.

Msidhani alikuwa malaika. Sungura walipofanya karamu, Bi Kidawa alikula sinia zima, na mchuzi akaupangusa kwa kidole. Kesho yake Kicheche akapita mlangoni pake akimcheka: "Haya, nilisema! Mzizi wangu bado upo, mama!"

"Jana nilikula sinia, Mganga," Bi Kidawa akamjibu, akigeuza kiporo chake jikoni. "Leo nakula tonge. Mtoto akianguka akijifunza kutembea, hatumkati miguu."

Kicheche akaenda zake na harufu yake.

Muda mrefu hakuna aliyeona tofauti. Hakuna aliyemshangilia. Siku nyingine hata yeye alijitazama kwenye maji ya kijito, akaguna, akaendelea na safari. Nyumbu ndiye aliyetambua kwanza, siku aliyombeba kwenda mbali. "Bi Kidawa, umepanda kweli, au bado uko chini?"

Mbingu zikafunga. Radi ikapiga. Ndo, ndo, ndo, mvua za vuli zikaanguka. Baba Pimbi akaja mbio, amelowa chapachapa.

"Mkunga weee! Mwanahawa!"

Bi Kidawa akapanda Nyumbu, wakaenda. Akafika mwambani, akasimama mbele ya ufa. Hakuwa kama mwiko. Alikuwa bado na tumbo lake la kutosha. Ndani, Mwanahawa alikuwa anagumia.

Akaingiza kichwa. Akaingiza mabega. Tumbo likafika mlangoni. Kwaru.

Akasimama. Baba Pimbi akanyoosha mkono kuelekea mkiani, kisha akaukumbuka wimbo, akaurudisha mkono. Bi Kidawa akatoa pumzi. Tuimbe, wanangu, tumsaidie!

*Mlango mwembamba, mama,*
*Polepole!*
*Kidogo sasa, kidogo tena,*
*Polepole…*

Nyiriri! Akapita.

Mtoto alikuwa ametanguliza miguu, kama nduguye. Bi Kidawa akaweka mikono. Mikono ilikuwa imekula asubuhi ile, haikutetemeka. Akamgeuza taratibu, taratibu. Mwanahawa akashika mwamba. Mara: nyeee! Mtoto huyo! Mzima, ana sharubu tayari.

Baba Pimbi akaruka nje mvuani. Akarudi na sinia, na juu ya sinia tonge moja. Moja tu. Lakini lilikuwa kubwa kuliko kichwa cha mkunga!

"Tonge moja, Mama Mkunga!" akasema kwa kujivuna. "Desturi nimeishika!"

Bi Kidawa akacheka, Mwanahawa akacheka na machozi yakimtoka, ufa mzima ukavuma kwa kicheko. Mkunga akamega la kuenea kiganjani, akala taratibu, akalisifu. Lililobaki akamsogezea mzazi. Kisha akaaga. Akatoka kwenye ufa ule: kichwa, mabega, tumbo, na mkia wake mzima.

Basi wanangu, na wakubwa zangu mliochoka na kazi, maana yake ni hii. Mwili ulioongezeka kidogo kidogo haupungui kwa kuvutwa. Usijinyime hata mikono ikatetemeka, wala usijibebeshe mazoezi ambayo siku yako haina nafasi nayo. Anza na kidogo unachoweza kukirudia kesho, hata kazi zikiwa nyingi. Ukiteleza, usijitukane, endelea. Na anayekupenda akikuletea sinia, pokea upendo wote, kula tonge.

Hadithi yangu ilifika mlangoni, ikapumua, ikapita, na imeishia hapo. Mwenye sinia na agawe.