Simba wa Kisiwa Kisicho na Simba

Paukwa!
Pakawa!
Haya, sogeeni. Na wewe mwenye kikohozi, kohoa sasa umalize.

Hapo zamani za kale palikuwa na kisiwa cha kaa. Maji yakitoka, kaa huchora mchangani. Maji yakijaa, yanafuta. Kesho wanachora tena. Kila kaa alichora mbele ya shimo lake alichotaka: mwani, pweza, jirani aliyenuna.

Wakaja korongo, wageni wa mbali. Wakatazama, wakauliza, "Simba wako wapi?"

"Simba ndiye nani?"

"Nchi za huku zina simba. Tulijua kabla hatujaruka!"

Bwana Kenge, mgawaji wa viwanja vya pwani, alipenda sana kusifiwa na wageni. Akatangaza, "Kila kaa achore simba! Asiyechora atahamia kwenye tope la mikoko!"

Kaa, waliosikia kwamba simba ni mfano wa paka mkubwa, wakamkalisha Paka wa kisiwani, wakamtazama, wakachora. Kwaru, kwaru, kwaru! Simba wakatoka na macho juu ya vijiti, wanatembea upande.

"Simba halisi hao!" wakasema korongo.

Kaa Shaame naye alichora simba, leo simba, kesho simba. Mwaka huo mkewe Mize akafa. Mize alikuwa na miguu saba. Wa nane ulibanwa na jiwe ukakatika. Nyayo zake zilikwenda hivi: saba, pengo; saba, pengo. Siku moja Shaame akajiuliza, pengo lilikuwa kulia au kushoto? Hakukumbuka. Akaogopa.

Maji yalipotoka akaanza kuchora nyayo, mbele ya shimo walilochimba pamoja. Saba, pengo, kulia.

Kenge akaja, puu, puu, puu. "Shaame, simba yuko wapi?"

"Leo hakuja."

"Usinichezee!"

Korongo mmoja mpya, aliyefuatana naye, akainamisha shingo. "Vidoa tu. Hiki si kitu cha kisiwani."

"Umefika lini, mgeni?"

"Leo asubuhi."

"Karibu sana," akasema Shaame, akaendelea kuchora.

"Kesho utahama!" akafoka Kenge.

Jirani yake Shaame, Bi Mashavu, alikuwa anapita upande upande. Akasimama ghafla. "Jamani! Si Mize huyo, anakuja kwangu kusengenya? Lakini umekosea, shemeji. Pengo lilikuwa kushoto."

Shaame akainama. Akafuta. Akachora upya, kushoto.

Kaa wakajaa. "Mie alinifukuza hivyo hivyo!" "Harusini kwangu alicheza hivyo hivyo!" Wakacheka mpaka maji yakawafika miguuni, yakafuta Mize, yakafuta na simba.

Kesho yake Kenge akaja kumhamisha Shaame. Akakuta pwani nzima ni nyayo: saba, pengo, saba, pengo. Simba hakuna hata mmoja. Amhamishe nani? Korongo wakanuna, pruu, wakaruka. Paka akakosa kazi.

Mafunzo ni haya: mgeni akikueleza kwenu kukoje, mkaribishe, mpe maji, kisha chora unachokijua wewe. Usipokichora utakisahau, na yeye hawezi kukukumbusha.

Hadithi yangu imekomea hapo. Inukeni tukunje mkeka.